Kona ya Injinia: Stresi Isiyotulia, Bimu Iliyopita Mwezi na Maswali Mengine ya Finaiti Elementi

Mwezi huu naona mmekubaliana, karibu meseji zote zimekuja za softwea za kuchambua majengo na vyuma, basi tumalizane nazo humu humu. Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo ni hivi: kompyuta inakata bimu au slabu au breketi yako vipande vidogo vidogo, hivyo vipande ndo elementi, pale vinapokutana ndo nodi, kila kipande kina hesabu yake ndogo ya ugumu, halafu mashine inaziunganisha zote kuwa hesabu moja kubwa na kutafuta kila nodi imesogea kiasi gani. Mambo yalianzia kwenye ndege, Turner wa Boeing na wenzake waliandika 1956, na mmoja wa hao wenzake, Ray Clough, mwalimu wa sivil pale Berkeley, ndo akaja kuipa njia hii jina la finaiti elementi 1960. Haya, maswali.

Shikamoo Injinia. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sivil, Dar es Salaam. Nina breketi ya chuma umbo la L, kona ya ndani ni digrii 90 kali kabisa, nimeichora kwenye FreeCAD (softwea ya kuchora) na kuipiga na CalculiX (softwea ya kupiga hesabu za finaiti elementi). Nikiweka elementi za mm 4 pale kwenye kona stresi ya juu, yaani nguvu kwa kila eneo la chuma, inakuja MPa 182 (niutoni 182 kwa kila mm mraba). Nikaweka mm 2 ikawa 249. Mm 1 ikawa 342. Sasa kila nikipunguza inapanda, na mwalimu anataka namba moja kwenye ripoti. Niandike ipi?

Marahaba mwanangu. Usiandike hata moja, na nakupongeza kwa kupiga mara zaidi ya moja maana wengi wanapiga mara moja wanachukua namba wanaenda kulala.

Chukua kalkuleta. 249 gawa kwa 182 unapata 1.37. 342 gawa kwa 249, unapata 1.37 tena. Umeona? Hiyo si ajali. Mwaka 1952 jamaa anaitwa Williams alikaa na hesabu za kona kali akaonyesha kwamba kwenye kona kama yako, ambapo chuma kimeizunguka kwa digrii 270, stresi inapanda kadiri unavyoisogelea ncha, na kipeo chake ni kama 0.456, kwa hiyo ukipunguza umbali kwa nusu stresi inazidishwa na 2 iliyopandishwa kwa 0.456, ambayo ni hiyo hiyo 1.37 yako. Maana yake softwea haijaharibika hata kidogo, inafanya kazi vizuri sana, jibu la hesabu pale kwenye ncha ni namba isiyo na mwisho na wewe unaifukuza, kila ukipunguza meshi, yaani ukikata vipande vidogo zaidi, unaisogelea hatua moja na haufiki. Weka mm 0.5 utapata kama 469, nakwambia kabla hujapiga.

Tatizo liko kwenye mchoro. Umechora kona ambayo haipo duniani. Kama breketi imekunjwa kwenye mashine, kona ya ndani ina mviringo, kama imechomelewa kuna weldi pale, kama imetoka kiwandani imeviringishwa ina mviringo wake umeandikwa kwenye jedwali. Nenda kapime breketi yenyewe, weka huo mviringo kwenye modeli, tuseme mm 5, weka elementi kadhaa kuzunguka huo mkunjo halafu punguza tena. Utaona stresi inapanda kidogo, inapanda kidogo zaidi, kisha inatulia, na hiyo iliyotulia ndo unaipeleka kwa mwalimu pamoja na jedwali la meshi zako zote. Jedwali usilifiche, mwalimu mzuri atalipenda kuliko hata ile picha ya rangi.

Kama ni weldi na mviringo wake haujulikani, na breketi inabeba kitu kinachotikisika mfano mota au kreni, hapo uchovu wa chuma (kupasuka taratibu kwa kutikiswa mara nyingi) unahusika na watu wana njia yao: husomi stresi kwenye ncha, unasoma nje kidogo, umbali wa 0.4 ya unene wa bamba na umbali wa unene mzima, halafu unachukua 1.67 mara ile ya karibu unatoa 0.67 mara ile ya mbali. Bamba la mm 10 basi unasoma kwenye mm 4 na mm 10. Kwa breketi iliyobeba tanki la maji lililotulia juu ya ukuta sikusumbui na hilo, chuma laini kwenye ncha kitalegea kidogo kigawane mzigo na jirani zake maisha yaende.

Vitu viwili vya haraka kwenye hilo hilo. Angalia pia kusogea, maana kusogea kunatulia mapema sana kuliko stresi, kama hata kusogea kwa mwisho wa breketi kunabadilika sana kila ukigusa meshi basi una tatizo jingine, pengine elementi zako ni zile piramidi za pembetatu za nodi 4 ambazo kwenye kupinda ni ngumu kupita kiasi, badilisha ziwe za nodi 10. Na mzigo usiuweke kwenye nodi moja ya modeli ya 3D, wala sapoti kwenye nodi moja, ugonjwa ni ule ule wa kwenye kona, tandaza mzigo kwenye eneo kama boliti inavyofanya kweli.

Habari kaka. Nipo Mwanza. Bimu ya chuma ya IPE 200 (umbo la I, kimo mm 200), mita 6, sapoti mbili za kawaida mwisho na mwisho, nimeweka uzito wake wenyewe tu. Softwea imenipa kushuka katikati mm 9.09E+11. Haijatoa error yoyote. Shida nini?

Nzuri kaka. Umejua hiyo ni sawa na kilomita laki tisa na elfu tisa? Mwezi uko mbali nasi kama kilomita 384,400. Bimu yako imeshuka ikaupita mwezi zaidi ya mara mbili na softwea imesema sawa bosi, hakuna error.

Na kwa upande wake haijakosea. CalculiX haijui mm wala mita wala kilo, inajua namba tu. Ukichora kwa mm na nguvu ukaweka kwa niutoni, stresi inatoka kwa MPa, lakini uzito hapo lazima uwe kwa tani, kwa hiyo densiti ya chuma ni 7.85E-9 na graviti ni 9810. Wewe nina uhakika umeandika 7850 kama ilivyo kwenye kitabu, ukaacha graviti 9810. Tofauti ni sifuri 12. Na kwa kuwa uchambuzi ni wa mstari mnyoofu, mzigo ukizidi mara trilioni kushuka kunazidi mara trilioni, haina mahali pa kusema hapana.

Rekebisha utapata mm 0.91. Mimi nimeijuaje bila kufungua faili lako? 5wL⁴ gawa kwa 384EI, ile ya darasani. IPE 200 ina kilo 22.4 kwa mita, hiyo ndo w, niutoni 0.22 kwa kila mm, E yaani ugumu wa chuma chenyewe ni 210,000, I yaani ugumu unaotokana na umbo la bimu ni 1943 kwa sm mafungu manne yaani 19,430,000 kwa mm, L yaani urefu ni 6000. Dakika moja. Kingine ambacho ungekiangalia hata kabla ya kushuka ni sapoti: bimu nzima ni kilo 134, kama niutoni 1,318, kila sapoti ibebe 659. Kama jumla ya sapoti haifanani na mzigo uliouweka, funga laptopu kanywe chai halafu rudi uanze kwenye yuniti, usiangalie hata rangi moja.

Injinia, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni injinia, bado mchanga kazini. Tuna slabu tambarare, spani (umbali kati ya sapoti) ya mita 6, modeli ilisema itashuka mm 6. Mwaka mmoja baadaye tumepima imeshuka mm 19 na kuta za bloki juu yake zimeanza kupasuka. Mwenye nyumba anasema tulikosea hesabu, bosi anasema softwea haiwezi kukosea. Nani yuko sawa?

Salamu zimefika dada. Wote wawili hapana, na hili ni swali ambalo natamani kila ofisi ibandike jibu lake ukutani.

Hiyo mm 6 ni ya zege ambalo halijapasuka na ambalo limebeba mzigo kwa siku moja tu. Softwea nyingi ukizifungua tu zinachukua slabu nzima kama jiwe moja zima na E yake kamili, tuseme GPa 30. Zege halisi likivutwa kwenye MPa 2 au 3 hivi linapasuka kwa chini, nyufa nyembamba hata huzioni, hapo nondo ndo zinabeba, na ugumu wa slabu unashuka vibaya. Ndo maana ACI 318, kanuni za zege za Marekani, inakuruhusu kwenye modeli ya nguvu kuzidisha ugumu wa bimu kwa 0.35, nguzo kwa 0.70, na slabu tambarare kwa 0.25 tu. Robo! Kwenye ETABS, softwea ya kuchambua maghorofa, kuna mahali pa kuweka hizo namba, watu wanapapita kama vile ni tangazo.

Halafu kuna kripu. Zege lililobebeshwa mzigo wa kudumu linaendelea kujikunja taratibu miezi na miaka. Ukichukua kigezo cha kripu cha 2, ambacho kwa majengo yetu si cha ajabu, E ya kutumia inakuwa 30 gawa kwa 1 jumlisha 2, yaani GPa 10. Peke yake hiyo inageuza mm 6 kuwa mm 18. Ongeza nyufa kidogo, mm 19 wala haishangazi, mimi naona slabu yenu imejitahidi.

Sasa kuhusu kuta. Eurocode 2, kanuni za zege za Ulaya, inataka kushuka kwa jumla kusizidi spani gawa kwa 250, kwa mita 6 ni mm 24, hapo mko ndani. Ila ina kikomo kingine kwa ajili ya vitu vinavyovunjika vikishajengwa juu, spani gawa kwa 500, mm 12, na hiyo inahesabiwa kwa kile kilichoshuka baada ya ukuta kujengwa. Kama slabu ilishuka mm 5 kabla ya bloki basi mm 14 zimeenda juu ya ukuta na ukuta umelalamika. Kwa hiyo mwenye nyumba umwambie slabu haianguki, lakini kuhusu kuta ana haki ya kulalamika. Na kabla hujamalizana na bosi uliza saiti props, yaani nguzo za muda za kushikilia slabu, zilitolewa siku ya ngapi, na kama mafundi walirundika bloki zote katikati ya slabu changa, maana hilo nalo linapasua zege mapema na hakuna modeli inayolijua usipoiambia.

Asalaam aleikum. Kutoka Unguja. Kuna kitu kimewahi kuanguka kweli kwa sababu ya hizi finaiti elementi au ni stori za walimu?

Waaleikum salaam. Kipo, na mimi nikifundisha sipiti bila kukitaja. Norwe, tarehe 23 Agosti 1991, jukwaa la gesi linaitwa Sleipner A. Chini lilikuwa na msingi mkubwa wa zege wa kukaa kwenye bahari ya Kaskazini penye kina cha mita 82, seli 24, yaani mapipa makubwa ya zege, zimebanana, nne kati ya hizo zinapanda juu kuwa miguu ya kubeba deki. Walikuwa wanaushusha kwenye maji kwa majaribio kwenye fiodi (mkono wa bahari unaoingia kati ya milima) karibu na Stavanger, ukafika kama mita 65, ukasikika mlio mkubwa, maji yakaanza kuingia kwa kasi ambayo pampu hazikuiweza, na chini ya dakika 20 kitu chote kimezama. Kilivyogonga chini mitambo ya kupima tetemeko ilisoma 3. Watu wote walitoka salama alhamdulillahi, hasara ikawa kama dola milioni 700.

Kosa liko wapi? Pale seli tatu za duara zinapokutana panabaki kachumba ka pembetatu ambako maji ya bahari yanaingia, na kuta zake nyembamba zinasukumwa na maji upande mmoja wakati ndani ya seli hakuna msukumo wa kulingana nao. Kwenye modeli hizo kuta ziligawanywa kwa elementi chache na zilizopinda vibaya, softwea ikatoa nguvu ya shia, yaani ile ya kukata ukuta kama mkasi, pungufu kwa asilimia 47. Nusu ya ukweli karibu. Nondo zikawekwa kwa kuifuata hiyo namba, na zile nondo za kichwa cha T za kuushika ukuta hazikuwa ndefu za kutosha kufika zinapotakiwa, basi ikawa shida juu ya shida. Baada ya ajali wakapiga tena kwa meshi nzuri zaidi, ikasema ukuta utapasuka mita 62. Ulipasuka 65. Yaani njia yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuwaambia, wao ndo waliiuliza kizembe, na mtu mmoja na karatasi angeukata huo ukuta kama kipande cha bimu akaona nguvu ya shia haiingii kwenye zege lile. Walijenga msingi mwingine na gesi ikaanza kutoka 1993.

Mwingine ni paa la ukumbi wa Hartford, Marekani, usiku wa 18 Januari 1978, theluji juu, likashuka chini masaa machache tu baada ya watu kama 5,000 kutoka kuangalia basketi. Lile kompyuta ilidhani vyuma vya juu vimeshikwa katikati visijipinde, kumbe kwenye jengo havikushikwa ilivyodhaniwa. Na kinachoniudhi mimi ni kwamba wakati wa ujenzi walipima wakakuta paa limeshuka mara mbili ya hesabu, na jibu likawa tofauti kama hizo ni kawaida tu. Mara mbili, kawaida!

Mambo Injinia. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, na softwea za kununua siziwezi. Kuna jamaa ana ile iliyokrakiwa, nichukue?

Poa. Acha. Mbali na virusi na sheria, siku mteja au bodi ya wahandisi wakiuliza hesabu umefanyia wapi utasema nini? Za bure zipo na ni za kweli: FreeCAD na CalculiX, PrePoMax kama unataka ya kubonyeza kirahisi kwenye Windows, Code_Aster ambayo imetoka shirika la umeme la Ufaransa EDF na wanaitumia kwa mitambo yao ya nyuklia, OpenSees kutoka Berkeley kama unapenda matetemeko na hauogopi kuandika kodi. Ansys na Abaqus wana toleo la wanafunzi la bure ila lina kikomo cha ukubwa wa modeli na si la kazi ya kulipwa.

GB 8 inatosha ukitumia akili. Ghorofa usilichore kwa elementi za 3D za ujazo, huko ni kuchinja kuku kwa shoka, tumia elementi za mstari kwa bimu na nguzo na za bamba kwa slabu na kuta, modeli itapiga sekunde chache. Kitu kikifanana kushoto na kulia kata nusu. Zile za ujazo ziweke kwa vitu vidogo kama breketi ya yule mwanafunzi hapo juu.

Mhandisi wangu kanitumia picha ya ghorofa langu kutoka kwenye kompyuta, sehemu kibao ni nyekundu. Nisimamishe ujenzi? Arusha.

Usisimamishe kwanza mzee wangu. Nyekundu kwenye hizo picha ina maana moja tu, hapo ndo namba kubwa kuliko zote kwenye modeli hiyo. Hata ukipiga meza ya sebuleni yenye kikombe kimoja cha chai juu yake, kuna mahali patatoka pekundu. Muulize vitu vitatu: hiyo nyekundu ni ya nini, stresi au kushuka au momenti, namba yake ni ngapi, na inayoruhusiwa ni ngapi. Kama ni bimu ya chuma cha S275, ambacho huanza kulegea kwenye kama MPa 275, na nyekundu ni MPa 60, endelea kumwaga zege. Halafu mwambie abadilishe skeli ya rangi, aweke kikomo cha juu kiwe kile kinachoruhusiwa, akutumie picha upya. Kama bado ni nyekundu, hapo nipigie.